Maji ya jangwani yaligeukaje kuwa bidhaa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo huibuka kila mazungumzo yanapofika kwenye ukame, visima na fedha. Majibu mengine ni mafupi, mengine yamechukua nafasi kubwa kwa sababu kiini cha habari kiko huko. Mwenye muda mchache aanze na lile la Owens Valley.

Maji kugeuzwa bidhaa ni kitu gani hasa? Si watu wamelipia maji tangu zamani?

Wamelipia, na hapo ndipo mambo huchanganywa. Kuna vitu vitatu ambavyo vyote tunaviita "kuuza maji". Cha kwanza ni jasho: mtu amechota, amebeba, amekufikishia mlangoni, unamlipa kazi yake. Cha pili ni zamu: wanakijiji wamechimba mfereji kwa nguvu zao, kila mmoja ana saa zake za kumwagilia, na asiyezihitaji wiki hii anamwachia jirani kwa malipo. Cha tatu ni haki yenyewe ya maji, ikiwa imebanduliwa kwenye ardhi, kwenye mto na kwa watu walioutumia, ikawa karatasi anayoweza kuinunua mtu wa mbali ambaye hajawahi kukanyaga ukingo wa mto huo.

Viwili vya kwanza ni vya kale mno. Cha tatu ni cha juzi, na ndicho kilichobadilisha maisha ya majangwa. Mtetezi wa soko husema "hata wazee wetu waliuza", mpinzani wake hujibu "zamani yalikuwa bure", na kila mmoja ameshika upande mmoja tu wa jambo.

Kabla ya bomba na mita, maji yaligawanywaje?

Kwa muda, au kwa ukubwa wa tundu. Nchini Iran kuna kanati, yaani mahandaki marefu yenye mteremko mdogo sana yanayotoa maji chini ya miguu ya milima hadi kijijini bila pampu yoyote. Kanati ya Qasabeh huko Gonabad ina urefu wa zaidi ya kilomita 30. Maji yakishatoka, swali ni nani aanze na amwagilie kwa muda gani.

Gonabad walijibu kwa bakuli. Sufuria kubwa hujazwa maji, na juu yake huelea bakuli dogo la shaba lenye kitobo kitakoni. Maji hupenya taratibu, bakuli linajaa, linazama na kugonga chini. Mzee aliyekaa pembeni anasogeza kokoto moja, analitoa bakuli, analielesha tena. Bakuli moja ni kipimo kimoja cha umwagiliaji. Kazi hiyo iliendelea usiku na mchana, na wenye mashamba walikuja kukaa pale kuhakikisha hesabu haiibwi. Mtu aliyekuwa na hisa ndogo alihesabiwa mazamio machache, basi.

Oman wana mifereji ya aina hiyo iitwayo falaji, na takriban 3,000 bado zinatiririka. Hisa yao huitwa *athar*, karibu nusu saa ya maji, iliyopimwa mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Kwenye oasisi za Touat na Tidikelt, kusini mwa Algeria, mahandaki ya namna hiyo huitwa fogara, na kule hawapimi saa bali tundu. Maji hufika kwenye jiwe lililochongwa kama kitana, kila pengo kati ya meno likiwa na upana wake na mfereji wake. Mpimaji huja na bamba la shaba lenye matundu, anahesabu, na hisa ya kila familia inaandikwa daftarini. Ujuzi wa wapimaji hao uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2018.

Basi kama hisa ziliandikwa, zikauzwa na kurithiwa, tofauti na soko la leo iko wapi?

Iko kwenye mipaka yake. Chukua falaji ya Oman. Sehemu ya kwanza ambapo maji yanatokeza juu ya ardhi ni ya kunywa, na hapo hakuna mwenye hisa: mwanakijiji, mgeni na msafiri wote huchota. Yakipita hapo huenda msikitini na mahali pa kuogea, kisha ndipo yaingie bustanini, ambako hisa zinaanza kuhesabiwa. Baadhi ya hisa ni mali ya falaji yenyewe. Hizo hupigwa mnada, na fedha zake ndizo zinazolipa wanaoingia handakini kuzoa tope na kujenga upya kuta zilizobomoka.

Zaidi ya yote, maji hayakuweza kuondoka. Ukinunua hisa unanunua nusu saa ya mfereji uleule, kwenye kijiji kilekile, mbele ya macho ya watu walewale utakaokutana nao kesho. Tajiri angeweza kukusanya hisa nyingi, lakini hakuweza kuyapakia maji na kuyapeleka mji mwingine.

Sitaki kuupamba ulimwengu huo, hata hivyo. Fogara za Sahara zilichimbwa na kutunzwa kwa kiasi kikubwa na watumwa na wazao wao, Waharatini, ambao mara nyingi hawakuwa na tone la hisa kwenye maji waliyoyafukua kwa mikono yao. Maji yaliyogawanywa kwa uangalifu wa ajabu baina ya wenye hisa yaligawanywa vivyo hivyo bila huruma kwa wasio nazo.

Uislamu unasemaje kuhusu kuuza maji?

Swali hili ni muhimu kwa sababu sehemu kubwa ya majangwa ya dunia ya kale imeishi chini ya sheria hiyo. Hadithi inayotajwa zaidi inasema Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Kuna pia katazo la kumnyima mtu maji ya ziada. Wanazuoni walio wengi wamelielewa jambo hili hivi: maji yaliyo mtoni au kisimani hayana mwenyewe wa kuyafungia watu wenye kiu, lakini yaliyokwisha kuchotwa na kuwekwa chomboni yanaweza kuuzwa, kwa kuwa yamebeba kazi ya mtu. Ni ile tofauti ya jasho na haki niliyoitaja mwanzo.

Kisa cha kisima cha Ruma pale Madina kinajulikana na wengi. Mwenye kisima aliwauzia watu maji, wahamiaji kutoka Makka wakataabika, na Uthman bin Affan akakinunua kwa mali yake na kukifanya wakfu. Angalia alichofanya: alilipa fedha ili kukitoa kisima sokoni. Wasultani na wanawake matajiri wa miji ya Kiislamu waliojenga visima na sabili, yaani sehemu za barabarani za kunywea maji bure, baada yake walifuata njia hiyohiyo. Karne nyingi baadaye, Mejelle, sheria ya madai ya dola ya Uthmaniya iliyoandikwa kati ya 1869 na 1876, bado ilitamka kwamba maji, majani na moto ni vya watu wote kwa ushirika.

Na wafugaji wasio na mifereji?

Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya wana visima viitwavyo tula, vingine vikishuka hadi mita 30 kwenye mwamba. Wanaume husimama wakipokezana ndoo kutoka mkono hadi mkono, huku wakiimba ili mwendo usikatike. Kisima kina mwenyewe, mzawa wa aliyekichimba kwanza, na kuna "baba wa zamu" anayepanga kundi lipi linywe siku gani. Ukitaka maji unaleta kazi, unaleta ukoo, unaleta heshima. Fedha haiingii. Msafiri mwenye kiu hapangiwi foleni.

Sasa linganisha na nyanda za Haud, mpakani mwa Somalia na Ethiopia. Kuanzia miaka ya 1950 watu walianza kuchimba berkad, matangi ya ardhini yaliyosakafiwa kwa saruji ambayo hukinga maji ya mvua yanayotiririka. Berkad ni mali ya aliyeijenga, na kiangazi kikifika huuza maji yake. Ziliokoa maisha, hilo halina ubishi: zilifungua malisho ambayo awali yalitumika wakati wa mvua tu. Lakini pia ziliwafanya watu wabaki pale mwaka mzima, malisho yakachakaa, na mvua ikikosekana hata berkad yenyewe hukauka na kubaki kungoja boza la maji kutoka mbali. Hapo bei hupanda siku ileile ambayo bei ya mbuzi inaanguka. Mfugaji anauza mifugo mingi kwa fedha kidogo ili anunue maji machache ya kunywesha waliobaki.

Biashara kubwa ya maji ilianzia wapi?

Ushuru wa maji ni wa kale. Kwenye jiwe la ushuru la Palmyra, mji wa misafara katika jangwa la Syria, la mwaka 137, matumizi ya chemchemi za mji yamepangiwa malipo yake kama vile ngamia na watumwa walivyopangiwa ya kwao. Biashara kama tunavyoijua, hata hivyo, ilikuja pale viwanda vilipopeleka watu wengi mahali ambapo maji yasingeweza kuwatosha.

Jangwa la Atacama ni mfano mzuri. Karne ya 19 ilikuta huko madini ya fedha, shaba na naitreti ya kutengenezea mbolea na baruti, lakini karibu hakuna mvua. Bandari kama Antofagasta ziliishi kwa mitambo ya kuchemsha maji ya chumvi na kunasa mvuke wake, iliyokula makaa ya mawe usiku na mchana. Mwaka 1872, pale Las Salinas, mhandisi Carlos Wilson alijenga kitu cha kushangaza: mabanda ya vioo yaliyotandazwa kwenye mita za mraba zaidi ya 4,000, jua likivukiza maji ya chumvi ya kisimani na matone yakiteremka kwenye mifereji midogo. Yalitoa zaidi ya lita 20,000 kwa siku, na wanywaji wakuu walikuwa nyumbu waliokokota naitreti. Jua lilikuwa bure. Maji hayakuwa.

Magharibi mwa Australia, dhahabu ya Coolgardie na Kalgoorlie ya miaka ya 1890 ilileta hali hiyohiyo. Wachimbaji walinunua kwa galoni maji yaliyochemshwa kutoka kwenye maziwa ya chumvi, na misitu ya karibu ikateketea kwa kuni za kuyachemshia. Serikali ndiyo iliyolimaliza soko hilo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 500 kutoka Mundaring lililozinduliwa Januari 1903. Mhandisi wake, C. Y. O'Connor, alikuwa amejiua miezi kumi kabla, akiandamwa na maneno ya magazetini na bungeni.

Jeddah ilipata mtambo wake wa kuondoa chumvi mwaka 1907, chini ya Waturuki, na watu wakauita *kindasa*, neno walilolipindua kutoka "condenser", jina la kigeni la mtambo wa kugandisha mvuke kuwa maji. Kuwait nayo, visima vyake vikiwa vimezidiwa, iliagiza maji kwa majahazi kutoka Shatt al-Arab, mabumu yenye matangi ya mbao tumboni. Yalipofika pwani yalipokewa na wachukuzi wanaoitwa *kandari*, waliobeba madebe mawili kwa mzegazega na kuyapitisha nyumba kwa nyumba. Kampuni ya maji iliundwa mwaka 1939, na mtambo mkubwa wa maji ya bahari ukaanza mwaka 1953. Kwa kizazi kimoja tu mji ulitoka kwenye mzegazega hadi kwenye mitambo mikubwa, mafuta yakilipia kila kitu.

Haya yote bado ni jasho: watu walilipia kubeba, kuchemsha, kusukuma. Hatua ya tatu ilipigwa kwingine.

Owens Valley ni kisa gani, na kwa nini kinatajwa kila mara?

Ni bonde kavu mashariki mwa milima ya Sierra Nevada, California, linalonyweshwa na theluji inayoyeyuka. Wapaiute, wenyeji asilia wa bonde hilo, ndio waliochimba mifereji ya kwanza ya kumwagilia mimea yao ya asili, muda mrefu kabla ya walowezi. Walowezi walikuja miaka ya 1860, wakawafukuza, wakachukua ardhi na mifereji.

Sheria ya maji ya magharibi mwa Marekani ilikuwa imezaliwa kwenye machimbo ya dhahabu. Mwaka 1855 mahakama ya California iliamua, katika kesi ya Irwin na Phillips, kwamba kwenye ardhi ya umma aliyetangulia kuchepusha maji ndiye mwenye haki, hata kama shamba lake haligusi mto. Kwa mchimbaji ilikuwa busara, maana dhahabu iko kilimani na mto uko bondeni. Lakini kanuni hiyo ilikata kamba iliyofunga maji na kingo zake, na kamba ikishakatwa maji yanaweza kwenda popote.

Los Angeles iliyahitaji. Kati ya 1904 na 1905 Fred Eaton, aliyewahi kuwa meya wa mji huo, alizunguka Owens Valley akinunua mashamba na haki zake za maji. Wakulima wengi waliamini manunuzi hayo yanahusiana na mradi wa umwagiliaji wa serikali kuu kwa ajili ya bonde lao wenyewe. Afisa wa mradi huo katika eneo hilo, J. B. Lippincott, wakati huohuo alikuwa akilipwa na Los Angeles kama mshauri. Gazeti lilipofichua mpango mwezi Julai 1905, sehemu muhimu zilikwisha kununuliwa.

Mfereji wa kilomita 375, kazi ya mhandisi William Mulholland, ulifunguliwa tarehe 5 Novemba 1913. Maji yakateremka mbele ya umati, naye akasema maneno machache tu, kwa maana ya: haya hapo, yachukueni. Mengi ya maji ya mwanzo yalikwenda kumwagilia Bonde la San Fernando, ambako matajiri waliokuwa na habari mapema walikuwa wameshanunua ardhi kwa bei ya chini.

Wakulima waliobaki walipigana. Mwaka 1924 walilipua sehemu ya mfereji kwa baruti, na Novemba mwaka huo mamia ya watu wakayateka malango ya mfereji huo yaitwayo Alabama na kuyarudisha maji mtoni kwa siku kadhaa, wake zao wakipika chakula palepale kama sikukuu. Milipuko iliendelea hadi 1927. Lakini mji uliendelea kununua, shamba hapa shamba pale, na kila aliyeuza alimwacha jirani yake kwenye mfereji usio na maji ya kutosha wala watu wa kuutunza. Ziwa Owens lilikuwa limekauka kufikia 1926.

Hapa ndipo nataka msomaji asimame. Karibu kila mauzo yalikuwa halali. Muuzaji alisaini, fedha ilitolewa. Ila vitu vilivyopotea, yaani ziwa, shule za vijijini, maduka, kazi za vibarua wasio na ardhi, havikuwa vya muuzaji yeyote, kwa hiyo havikuwa na bei. Na Wapaiute hawakuuzia mtu yeyote. Walipobadilishana ardhi na mji mwaka 1939, suala la haki zao za maji liliachwa bila kutatuliwa, na liko hivyo hadi leo.

Chile imefanya nini cha pekee?

Ilikwenda mbali kuliko karibu nchi yoyote. Chini ya utawala wa kijeshi wa Pinochet, katiba ya 1980 iliitambua haki ya maji kuwa mali ya mwenye nayo, na Kanuni ya Maji ya 1981 ikaitenga kabisa na ardhi. Serikali iligawa haki hizo bila malipo na bila ukomo. Aliyepewa hakulazimika kueleza atayafanyia nini, wala kuyatumia. Aliweza kuyalaza kama kiwanja kinachosubiri bei ipande.

Katika Atacama, waliokuwa na wanasheria na ramani walikuwa kampuni za migodi. Jamii za Waaymara na Waatacameño, waliokuwa wakigawana maji kwa desturi tu, ilibidi zianze kuthibitisha kwa makaratasi kwamba chemchemi za mababu ni zao. Kijiji cha Quillagua, kando ya mto Loa, ni miongoni mwa mahali pakavu kabisa duniani. Mto huo ulichafuliwa, mazao yakaharibika, na wakazi wengi wakauza haki zao kwa kampuni ya madini. Ukifikiri vizuri, ni nani asingeuza? Maji machafu hayawezi kunywesha shamba, lakini karatasi yake bado ina bei. Walipouza, hata wale waliotaka kubaki walibaki na mto ambao haufiki vizuri kijijini.

Tangu 2005 kuna ada kwa anayelaza haki bila kuitumia. Mageuzi ya 2022 yamekwenda mbele zaidi: kunywa na usafi vimepewa kipaumbele, na haki mpya hutolewa kwa muda usiozidi miaka 30. Zile za zamani hazikupewa ukomo huo.

Je, hakuna hoja yoyote nzuri ya kuwa na soko la maji?

Ipo, na si haki kuificha. Australia ndiyo inayoionyesha vizuri zaidi. Katika bonde la mito Murray na Darling, kiasi cha maji yanayochukuliwa kiliwekewa kikomo mwaka 1995, na haki zikatengwa na ardhi ili ziuzike ndani ya kikomo hicho. Ukame mkali wa mwanzoni mwa karne hii ulipobana, wakulima wa mpunga waliuza maji yao ya msimu kwa wenye mizabibu na miti ya matunda. Mpunga hupandwa upya mwaka unaofuata. Mti uliokufa huchukua miaka kurudi. Muuzaji alipata fedha za kuvuka mwaka na mnunuzi akaokoa shamba. Serikali nayo iliweza kununua maji na kuyaacha yatiririke mtoni.

Kilichofanya kazi pale, kwa maoni yangu, ni kikomo. Kikomo kikilegea soko halina macho. Kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 samaki kwa mamia ya maelfu walielea wamekufa kwenye mto Darling pale Menindee, na jopo la wanasayansi lilisema mto ulikosa maji kwa ukame pamoja na uchotaji uliopita kiasi huko juu. Tena jamii za wenyeji asilia wa bonde hilo zinamiliki chini ya asilimia 1 ya haki za maji. Soko lilianza na wale waliokuwa na karatasi siku ile lilipofunguliwa.

"Maji yaliyofichwa" kwenye mazao ni nini?

Tani moja ya ngano hubeba takriban tani elfu moja au zaidi za maji yaliyoikuza. Profesa Tony Allan wa London ndiye aliyelipa wazo hilo jina miaka ya 1990, akieleza jinsi nchi kavu zinavyoagiza maji kwa kuagiza nafaka.

Saudi Arabia ilijaribu kinyume chake. Ilivuta maji ya kale yaliyojikusanya ardhini maelfu ya miaka iliyopita, ikalipa wakulima bei ya juu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Maji hayo hayarudi. Mwaka 2008 serikali iliamua kuachana na mpango huo hatua kwa hatua hadi 2016. Kampuni kubwa ya maziwa ya nchi hiyo ikanunua mashamba Arizona mwaka 2014 kulima majani ya alfalfa kwa ajili ya ng'ombe, kwenye maeneo ambayo sheria haikudhibiti uchotaji wa maji ya ardhini. Gavana wa jimbo alitangaza Oktoba 2023 kufuta ukodishaji wa ardhi ya umma katika bonde la Butler. Jangwa moja lilikuwa likisafirisha maji yake kwenda jangwa jingine, yakiwa yamefungwa ndani ya majani makavu.

Ni kweli maji yanauzwa kwenye soko la hisa?

Kinachouzwa ni ubashiri wa bei. Tangu tarehe 7 Desemba 2020 kuna mikataba ya bei ya baadaye ya maji ya California katika soko la Chicago. Kila mkataba unawakilisha takriban mita za ujazo 12,300, lakini hakuna tone linalosafirishwa; hulipana tofauti ya bei tu. Siku chache baadaye mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa wa haki ya maji, Pedro Arrojo-Agudo, alionya hadharani kuhusu hatari ya walanguzi.

Umoja wa Mataifa ulitangaza maji ni haki ya binadamu. Hilo halikumaliza ubishi?

Azimio la tarehe 28 Julai 2010 lilipita kwa kura 122, nchi 41 zikajizuia, na hakuna iliyopinga. Halisemi maji yawe bure, ila yawe salama na ya bei isiyomwelemea mtu. Miaka 18 kabla, mkutano wa Dublin wa 1992 ulikuwa umetamka kwamba maji ni kitu chenye thamani ya kiuchumi. Kauli hizo mbili zinaishi pamoja hadi sasa, na kila upande hunukuu inayomfaa.

Kwa aliye na kiu, sheria za nchi yake ndizo zenye uzito. Katika eneo la Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, karibu nyumba moja kati ya tatu haina maji ya bomba, na watu huyafuata kwa gari wakiwa na mapipa. Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mkataba wa 1868 hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia maji.

Mitambo ya kuondoa chumvi haitafanya suala hili lipitwe na wakati?

Imeshusha bei sana. Kuchuja kwa utando, njia iliyofanikishwa na Loeb na Sourirajan huko Los Angeles mwishoni mwa miaka ya 1950, kumefikisha gharama ya mita ya ujazo chini ya nusu dola kwenye mikataba mipya ya Ghuba. Bado inahitaji pwani, umeme mwingi na mahali pa kumwaga maji ya chumvi kali. Na maji yaliyotoka kiwandani ni bidhaa tangu kuzaliwa: hayana chemchemi ambayo msafiri anaweza kuisogelea.

Maji yakishauzwa, yanaweza kurudi?

Mara chache, na kwa gharama. Mwaka 1983 mahakama ya juu ya California iliamua kwamba ziwa Mono, ambalo mito yake Los Angeles ilikuwa ikiichepusha tangu 1941, lina ulinzi kama amana ya umma hata mbele ya haki zilizokwisha kutolewa. Mwaka 1994 mji ulipangiwa kina ambacho ziwa lazima lifikie. Halijakifikia bado.

Ziwa Owens ndilo linaloniuma zaidi. Kitanda chake kikavu kiligeuka kuwa chanzo kikubwa kuliko vyote cha vumbi nchini Marekani, vumbi la chumvi na madini mazito lililoingia kwenye mapafu ya watu wa Keeler na Lone Pine kwa miongo mingi. Hatimaye sheria ya hewa safi ilifanya kilichoshindwa na baruti: tangu 2001 Los Angeles inalazimika kulowesha sehemu za kitanda hicho, na imetumia zaidi ya dola bilioni 2 kwa maji, changarawe na nyasi. Mabwawa ni ya kina kifupi, hayafiki magotini. Ndege wahamao wamerudi kwa maelfu. Maji wanayotua juu yake huchotwa kwenye mfereji uleule wa 1913.